Udongo Ukiulizwa

Tenisi ya udongo ina kanuni moja ambayo mfugaji wa Merti au Garba Tulla huko Isiolo angeielewa hata kabla hajaambiwa mchezo wenyewe unachezwaje. Mpira ukidunda karibu na mstari na watu wakabishana, mwamuzi hushuka kitini, huvuka uwanja, huinama na kuitazama alama iliyoachwa vumbini. Mchezaji akiifuta alama hiyo kwa kiatu kabla mwamuzi hajaamua, amekubali. Haulizwi kwa nini ameifuta, wala hapewi nafasi ya kusema hakukusudia. Pointi imekwenda kwa mwenzake.

Kaskazini mwa Kenya kufuta nyayo ni kukiri pia. Mwizi wa mifugo mwenye akili hafuti kitu. Huwapitisha ng'ombe juu ya mawe meusi ya volkeno, huwaingiza katika maji ya Ewaso Nyiro, au huwachanganya na kundi jingine kwenye njia ya kisimani hadi nyayo zipotee zenyewe. Alama iliyopotea ni bahati mbaya ya anayetafuta. Alama iliyofutwa ina mwenyewe.

Uwanja unaojulikana zaidi kwa kanuni hiyo ya tenisi ni Roland Garros, Paris, uliojengwa mwaka 1928 ili Wafaransa wapate mahali pa kulitetea Kombe la Davis. Wekundu wake huwadanganya wengi. Kinachoonekana ni unga wa matofali yaliyosagwa, wenye unene wa milimita 1 au 2 tu, uliomwagwa juu ya tabaka jeupe la chokaa. Chini yake kuna mabaki ya makaa ya mawe yaliyochomwa, kokoto, kisha mawe. Ushahidi wote wa mchezo unakaa kwenye ule unga wa juu. Mpira huukwangua, huacha doa lililorefuka kidogo kufuata ulikokuwa unaelekea, na doa hilo hubaki mpaka likanyagwe au wafanyakazi wapite na nyavu zao za kuburuta seti inapokwisha. Nyasi za Wimbledon hazina kumbukumbu ya namna hiyo.

Hapo Paris, Mei 1956, Althea Gibson alimshinda Angela Mortimer wa Uingereza 6–0, 12–10 katika fainali ya wanawake, akawa mtu mweusi wa kwanza kutwaa mojawapo ya mataji manne makubwa ya tenisi duniani. Seti ya pili ilifika michezo 22 kwa kuwa enzi hizo hapakuwa na njia ya mkato ya kuimaliza seti; mtu alicheza mpaka amzidi mwenzake michezo miwili. Hapakuwa na kamera za kuhesabu milimita pia. Palikuwa na macho ya waamuzi, uaminifu wa wachezaji na lile vumbi. Katika mashindano yaleyale Gibson alitwaa pia taji la wanawake wawili wawili akiwa na Angela Buxton, Mwingereza wa Kiyahudi, ambaye naye alijua maana ya kufungiwa mlango wa klabu kwa sababu ya asili.

Mtu aliyelelewa katika dini za Isiolo akiutazama uwanja wa namna hiyo, kuna swali ambalo ni vigumu kulikwepa. Waislamu wa mji huo, Waborana, Wasomali na wengineo, husoma Yasin kwenye misiba, na ndani yake mna habari kwamba Mwenyezi Mungu huyaandika yale watu waliyoyatanguliza pamoja na nyayo walizoziacha. Sura ya Zilzala, ambayo watoto huihifadhi mapema madrasa, inaieleza ardhi yenyewe ikizitoa habari zake Siku ya Kiyama. Wakristo wa hapohapo, wengi wao Wameru, Waturkana na Wasamburu, wana Mwanzo sura ya 4, ambako damu ya Habili inalia kutoka ardhini na Kaini hana pa kuificha. Vitabu viwili, ardhi moja, na katika vyote viwili ardhi ni shahidi. Basi kama shahidi huyo hatashindwa kusema, na kama kesi yote itasikizwa siku moja mbele ya Hakimu asiyehitaji kuinama ili aone, binadamu anainama leo kwa ajili gani?

Swali si la mzaha. Lina watu wanaolijibu kwa matendo kila wiki. Mjane aliyeporwa mbuzi huambiwa asubiri, Mungu anaona. Kijana aliyepigwa kizuizini huambiwa vivyo hivyo. Kauli hiyo ni kweli tupu, lakini mara nyingi anayeitamka ni yule aliyekuwa na uwezo wa kwenda kuona mwenyewe na hakwenda.

Uislamu wenyewe haukuwapa waja ruhusa ya kungoja tu. Kuna hadithi mashuhuri iliyopokewa kutoka kwa Ummu Salama, mke wa Mtume, kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) aliwaambia watu wazi kuwa yeye ni binadamu, kwamba wagombanao humjia, na huenda mmoja akawa hodari wa kujieleza kuliko mwenzake, naye akahukumu kwa aliyoyasikia, na kwamba atakayepewa haki ya ndugu yake kwa njia hiyo ajue amepewa kipande cha moto. Ni maneno mazito kutoka kwa mtu aliyekuwa akiteremshiwa wahyi. Angeweza kungoja aambiwe kutoka juu ni nani mwongo. Hakufanya hivyo. Alihukumu kwa kilichoonekana na kusikika, akawaachia wahukumiwa deni la kile kisichoonekana. Kutokana na mwenendo huo mafakihi walijenga kanuni ambayo kila kadhi anaijua: anayedai alete ushahidi, anayekana aape.

Na ushahidi, huko kwenye nyika za Waso, kandokando ya Ewaso Nyiro, mara nyingi una umbo la kwato.

Mifugo ikiibwa, kazi ya kwanza ni kuilinda ardhi. Watoto na mbuzi huzuiwa wasipite mahali pale mpaka wasomaji wa nyayo wafike. Msomaji mzuri hatazami unyayo mmoja. Hutazama mwendo, kwa sababu ng'ombe anayetembea akila na ng'ombe anayeswagwa haachi alama sawa. Huangalia kama wadudu wamepita juu ya alama, kama umande uliikuta au uliitangulia, mavi yamekauka kiasi gani, na kama kando ya kwato kuna alama za akala, zile kandambili za tairi la gari ambazo kila mchungaji anazo na kwa hiyo hazimtaji mtu. Kwenye mchanga wa laga, yaani mto wa msimu, kazi hii ni nyepesi. Kwenye mawe huhitaji watu wawili au watatu wanaobishana kwa sauti ya chini.

Kisha huja hatua inayozigeuza nyayo kuwa sheria. Zikiingia katika eneo la jamii nyingine, wafuatiliaji hawapenyi kimyakimya. Huwaita wenyeji, huwaonyesha, na tangu hapo mzigo umehama: wenyeji ndio wanaotakiwa kuzishika nyayo na kuonyesha zilikotokea upande wa pili. Wakishindwa, ama mifugo iko kwao, ama deni lake. Utaratibu wa aina hii si wa kaskazini mwa Kenya peke yake. Ulikuwa na nguvu Punjab pia, na Waingereza wakauandika katika sheria za huko karne ya 19. Maafisa waliokuja baadaye kuitawala Kenya walikuja na sheria za India mkononi, hata sheria ya ushahidi iliyotumika nchini hadi 1963 ilikuwa ile ya India ya mwaka 1872. Wafugaji hawakuhitaji kufundishwa na yeyote kati yao. Mwaka 2001 jamii za eneo hilo zilikutana Modogashe, mji mdogo ulioko mpakani mwa Isiolo na Garissa, zikaandika azimio lao kuhusu malisho, maji, wizi wa mifugo na fidia ya damu, nalo limerejelewa katika vikao vingi vya amani tangu hapo.

Kinachofaa kuangaliwa katika utaratibu huo ni kwamba nyayo peke yake hazikumhukumu mtu. Kilichoamua ni macho ya pande mbili yaliyokubali kutazama mahali pamoja. Tenisi inalijua hilo. Kabla alama haijasomwa, mwamuzi hujiridhisha kwanza kwamba ni yenyewe inayobishaniwa, maana uwanja una madoa mengi. Na mchezaji haruhusiwi kuvuka wavu kwenda kuisoma alama upande wa mpinzani wake. Martina Hingis alivuka katika fainali ya 1999 dhidi ya Steffi Graf, hapohapo Roland Garros, akiwa na hakika mpira wake ulikuwa ndani. Alinyang'anywa pointi, watazamaji wakamzomea, na fainali aliyokuwa akiiongoza ikamponyoka. Labda alikuwa sahihi kuhusu mpira. Lakini aliingia katika manyatta ya watu bila kubisha hodi.

Wasomaji wa nyayo wana heshima ya zamani katika Uislamu. Zaid bin Haritha alikuwa mweupe wa ngozi, na mwanawe Usama mweusi, kwa kuwa mama yake Usama alikuwa Ummu Ayman, mwanamke wa Kihabeshi aliyemlea Mtume mwenyewe. Watu wa Makka na Madina walinong'ona. Siku moja Mujazziz wa kabila la Banu Mudlij, ukoo uliosifika kwa elimu ya nyayo, aliwakuta baba na mwana wamelala wamejifunika shuka, vichwa havionekani, miguu iko nje. Hakujua ni akina nani. Akasema miguu ile inatokana na mingine. Mtume alifurahi mpaka uso ukang'aa, akaenda kumhadithia Bi Aisha. Mafakihi wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, waliichukua habari hiyo kuwa dalili kwamba usomaji wa mtaalamu unaweza kuthibitisha nasaba, ilhali Wahanafi walikataa. Wakati ngozi ilipotumiwa kumtenga mtoto na baba yake, unyayo ulimrudisha.

Lakini historia hiyohiyo ina upande wa pili, na hapo ndipo mambo yanapokuwa magumu. Mtume na Abu Bakr walipotoka Makka usiku kuhama, walijificha katika pango la Thaur. Amir bin Fuhaira, mchungaji wa Abu Bakr, alipewa kazi ya kuwapitisha kondoo na mbuzi juu ya njia iliyotumika ili nyayo zifutike. Ni kitendo kilekile ambacho kwenye uwanja wa Paris ni kukiri kosa, na hapa ni ibada. Wasomaji waliokodiwa na Makureshi walifika hata hivyo mpaka mlangoni. Nyayo zilisema kweli. Masimulizi mashuhuri yanaeleza kwamba mlangoni palikuwa na utando wa buibui, na wenye kuwafuatilia wakahoji: mtu angepitaje bila kuuchana? Wakageuka. Wenye elimu ya nyayo walikuwa sahihi, na dunia ikaokoka kwa sababu hawakusikilizwa. Aliyekaribia zaidi kuwapata wahamaji hao baadaye njiani, Suraqa bin Malik, alitoka katika ukoo uleule wa Banu Mudlij, akifuata zawadi ya ngamia mia.

Kwa hiyo kuisoma ardhi si wema kwa yenyewe. Elimu ileile ilimpa Usama baba na nusura impe muuaji windo lake. Tofauti haikuwa kwenye alama. Ilikuwa kwenye madai yaliyomtuma msomaji, na hapo ndipo uwanja wa udongo, pamoja na haki yake yote, unapofikia mwisho wa uwezo wake. Alama ya mpira hujibu swali moja tu: umeangukia upande gani wa mstari. Haijui nani aliuchora mstari wala kwa nini uko hapo.

Althea Gibson alilijua hilo kuliko mtu yeyote aliyecheza Paris mwaka ule. Alizaliwa South Carolina 1927, akakulia Harlem, New York. Alikuwa bingwa wa mashindano ya Wamarekani weusi miaka kadhaa kabla michuano ya taifa ya Marekani haijamfungulia mlango mwaka 1950, tena baada ya Alice Marble, bingwa wa zamani, kuandika katika jarida la tenisi makala ya kuwaaibisha wenye mchezo wao. Mstari uliokuwa umemzuia haukuchorwa kwa chokaa, na hapakuwa na mwamuzi wa kuinama kuutazama. Udongo wa Paris ulimtendea haki, ndiyo. Ulimtendea haki baada ya watu kumruhusu aukanyage.

Isiolo ya mwaka huo ilikuwa na mistari yake. Dunia inaukumbuka mji huo wa 1956 kwa sababu ya simba: Februari mwaka huo George Adamson, afisa wa wanyamapori wa kaskazini, alimuua simba jike aliyemshambulia, akawaleta nyumbani watoto wake watatu, na mmoja wao, Elsa, akawa mnyama mwenye jina kubwa kuliko mtu yeyote aliyewahi kuzaliwa Isiolo. Kitabu cha mkewe, Joy, kilimpeleka Elsa ulimwengu mzima. Si kosa la simba. Lakini mamilioni waliolia simba huyo alipoachiwa huru porini hawakuambiwa kwamba binadamu wa jimbo lile walihitaji kibali ili watoke.

Sheria ya 1902 ndiyo iliyoanza kuzifungia wilaya za pembezoni, na mwaka 1926 wilaya yote ya mpaka wa kaskazini ikawa eneo lililofungwa. Sheria nyingine ya 1934 ikawapa maafisa mamlaka ya kuamua kila jamii ichunge wapi. Ukachorwa mstari kati ya Wasomali upande wa mashariki na Waborana na majirani zao upande wa magharibi. Mvua haikuarifiwa. Mfugaji aliyeifuata akavuka mstari aliacha nyuma yake nyayo za kweli kabisa, na waliotumwa kuzisoma, Dubas, askari wa utawala waliovaa vilemba vyekundu, walikuwa wana wa nyika hiyohiyo, mahiri kuliko mzungu yeyote. Walisoma sawasawa. Mtu alitozwa faini ya mifugo kwa ushahidi usio na dosari, chini ya mstari ambao hakuna aliyemuuliza juu yake.

Katika Injili ya Yohana sura ya 8 kuna kesi ya namna hiyo. Ushahidi dhidi ya mwanamke aliyeshtakiwa uzinzi haubishaniwi, amekutwa. Yesu anainama na kuandika ardhini kwa kidole, anainuka, anasema na waliomleta, kisha anainama tena. Injili haisemi aliandika nini, na wahubiri wamejaza nafasi hiyo kwa karne ishirini. Kinachoonekana ni kwamba aliinama kama mwamuzi anavyoinama, lakini alipoinuka swali lake halikuwa juu ya alama. Lilikuwa juu ya walioshika mawe.

Kuna njia ya tatu, kati ya kuisoma alama na kuuhoji mstari, nayo haihitaji udongo kabisa. Katika nusu fainali ya Roland Garros ya 1982, Mats Wilander wa Sweden, mwenye umri wa miaka 17, alikuwa na pointi ya kumaliza mechi dhidi ya José Luis Clerc wa Argentina. Mpira wa Clerc ukaitwa nje. Mwamuzi, Jacques Dorfmann, akatangaza mechi imekwisha. Wilander akakataa. Aliona mpira ulikuwa ndani, akaomba pointi irudiwe, ikarudiwa, akashinda hata hivyo, kisha akatwaa na kombe. Katika fikihi, kukiri kwa mtu dhidi ya nafsi yake huja mbele ya ushahidi mwingine wote, kwa sababu hakuna anayejua zaidi na hakuna anayepoteza zaidi. Wilander hakuingoja alama ihojiwe. Na hiyo ndiyo sehemu ya jibu la lile swali la Kiyama: anayeamini kwamba ardhi itasema yote, imani yake hupimwa pale anaposema kabla ya ardhi, na hasa pale kusema kunapomgharimu.

Sasa wamekuja wasemaji wengine. Tangu 2025 mashindano ya ziara ya wanaume, ya udongo yakiwemo, yanaamuliwa na kamera na kompyuta. Mashine hiyo haiutazami udongo hata kidogo. Hupiga hesabu ya njia ya mpira hewani na kutangaza ulipogusa. Aprili 2025, huko Madrid, Alexander Zverev aliona alama iliyopingana waziwazi na sauti ya mashine. Mwamuzi hakuwa na mamlaka ya kushuka. Zverev akatoa simu, akaipiga picha alama, akapewa onyo kwa utovu wa nidhamu.  Roland Garros wenyewe, angalau mwaka huo, walibaki na waamuzi wa mistari wa damu na nyama.

Wengi walimcheka Zverev, na kweli picha ni ushahidi dhaifu: haina kina, haionyeshi upepo, na alama ya mpira inaweza kumdanganya mtu kwa milimita chache kutegemea vumbi lilivyorundikana. Huenda mashine ilikuwa sahihi. Lakini anayetoka Isiolo hawezi kumcheka kwa moyo mweupe. Kilichomkera si kukosewa. Wachezaji hukosewa kila siku. Kilichomkera ni kuambiwa alama iliyo mbele ya miguu yake si jambo la kuulizwa tena. Hukumu iliyo sahihi ambayo hakuna upande unaoweza kuikagua inamwomba mtu imani, na imani ya aina hiyo, kwa Mwislamu au Mkristo wa kawaida, ina Mwenyewe anayestahili kupewa. Kampuni ya kamera siye.

Udongo nao hauhifadhi kila kitu, na hili linafaa kusemwa kabla haujapewa utakatifu usio wake. Mwaka 1939, vita vilipoanza, serikali ya Ufaransa iliwafungia wageni iliowashuku ndani ya uwanja wa Roland Garros. Mwandishi Arthur Koestler alikuwa miongoni mwao. Gibson alipocheza pale baada ya miaka 17, hapakuwa na doa lolote la mambo hayo. Isiolo nayo, mwishoni mwa miaka ya 1930, ilikuwa na kambi ya Wahabeshi waliokimbia majeshi ya Italia. Uwanja huburutwa nyavu, mchanga hupeperushwa, na asiyeambiwa hawezi kusoma.

Lakini kupeperushwa na kufutwa ni vitu viwili. Waborana wa Waso wana jina la miaka ya vita vya Shifta, kati ya serikali na waliotaka kaskazini ijitenge: Daaba, wakati kila kitu kiliposimama. Kati ya 1963 na 1967 watu waliswagwa wakaingizwa katika vijiji vya kulazimishwa huko Garba Tulla, Merti na kwingineko, mifugo ikapigwa risasi au kutwaliwa, na ngamia wa Isiolo wakapungua kiasi ambacho familia zilizokuwa na makundi makubwa ziliishia kuomba chakula cha msaada. Wengi hawakurudi kwenye ufugaji tena. Yaliyotendeka yalikuwa na mashahidi, yalikuwa na makaburi, yalikuwa na mifupa ya wanyama iliyolala wazi juani. Kisha mwaka 1970 Bunge likapitisha Sheria ya Kinga, iliyozuia kesi dhidi ya maafisa wa serikali na wanajeshi kwa matendo ya kati ya 25 Desemba 1963 na 1 Desemba 1967 katika Mkoa wa Kaskazini Mashariki na wilaya za Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Tarehe ziliandikwa waziwazi, na maeneo yakatajwa kwa majina. Mtu aliyetaka kumwonyesha hakimu mahali hakuruhusiwa hata kuinua kidole.

Ni vigumu kuisoma sheria hiyo bila kukiona kiatu kikipita juu ya alama. Kwa kanuni ya uwanja wa udongo, kesi ingeishia hapo na pointi ingejulikana ni ya nani. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikusanya ushahidi wa watu wa kaskazini na kukabidhi ripoti yake Mei 2013. Kwa zaidi ya muongo mmoja ripoti ilikaa bila Bunge kuipitisha. Wapo wacha Mungu wanaowashauri wazee wa Waso waiachie Siku ya Zilzala. Wazee hao wanaisoma sura hiyo katika sala zao tangu utotoni na hawana shaka nayo. Bado wanadai, na kwa utaratibu wao wenyewe dai liko wazi: nyayo za mifugo yao zilifuatwa mpaka kwenye kambi za serikali, wenye kambi wakaonyeshwa, na hadi leo serikali haijaonyesha zilitokea wapi.